Feni Yenye Kitambaa cha Damu

"Unirudishie feni yangu, mwizi weye!"

"Mwizi nani? Feni si hiyo mkononi mwako?"

"Hii haiko yangu! Angalieni, bamama. Muangalie hiki kitambaa cha hii feni, kiko na da..."

Hapo ndipo nilipompiga Mama Philomène.

Sikumpiga kofi. Nilimpiga ngumi ya mdomo, kama wapakuzi wa bandarini wanavyopigana, na jino lake la mbele likaruka likatua kwenye beseni la ndagala la Mama Jeannette, aliyekuwa amesimama pale kusikiliza ugomvi, si kuuza samaki.

Avenyu nzima ikasema Fatouma amemng'oa jirani yake jino kwa ajili ya feni. Walisema sokoni, walisema hadi kwenye foleni ya maji. Mimi ninayewaandikia ndiye huyo Fatouma, na leo nawaambia ukweli, wasomaji wangu: ile ngumi haikuwa ya feni. Nilikuwa nazuia neno moja lisimtoke mdomoni. Neno lenyewe ni damu.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nimemfungia nani chumbani. Wewe unayeingia leo, vuta kiti, nyumba hii haijawahi kumkatalia mtu kiti.

Vita viliteremka kufuata ziwa. Boti zikaleta wakimbizi, na katikati ya wakimbizi zikaleta askari waliotupa bunduki. Mmoja wao ni Maliki, mdogo wangu, tumbo moja. Alinifikia na risasi pajani, miguu mitupu, nguo za kuombaomba. Na tangazo lilikuwa limeshapita mitaani: aliyekimbia mstari wa mbele akikamatwa, hahojiwi.

Nikamficha chumba cha ndani, ambamo mume wangu Rachidi alikuwa anaweka magunia ya mchele kabla hajavuka kwenda Kigoma na vita vikamfungia huko. Chumba hakina dirisha. Juu ni bati. Umeme unaotoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera ulikuwa umekatika, ukirudi unarudi kama mgeni anayeaga mlangoni. Mtu mwenye homa humo ndani, bila hewa, anaiva.

Kwa hiyo feni. Feni ya kuchaji ilikuwa inageuza kichwa usiku na mchana juu ya Maliki. Na mimi, Fatouma wa nyumba kujaa, ambaye zamani feni yake hiyo hiyo ilikuwa inapepea barazani watu wakisukumana kugombea upepo, nikafunga mlango. Majirani wakaanza kuuliza. Nani asingeuliza? Ningekuwa mimi ningeuliza kabla yao.

Sasa sikieni ujinga wetu.

Feni zote za avenyu ziliingia na boti moja kutoka Kigoma. Nyeupe, kitako cha bluu, taa ndogo kitakoni. Ukizishika mbili hujui hii ya nani. Na zote tunazipeleka kwa Papa Symphorien, mwenye sola juu ya bati lake, zinajipanga mezani kwake kama wanafunzi. Ndiyo maana kila mtu anafunga kitambaa cha alama kwenye mpini.

Lakini huo ulikuwa mwezi wa tatu, na kwa sikukuu ya wanawake avenyu nzima tulishona kitenge kimoja: kijani, kina picha ya mama na jembe. Mabaki yakabaki. Kila mmoja wetu, kwa siri, akijiona mjanja kuliko wenzake, akachana kipande cha kitenge chake kipya akafunga kwenye feni. Alama ikawa moja avenyu nzima!

Asubuhi ile nilibeba ya Philomène, yeye akabeba yangu. Na kitambaa cha yangu nilikifunga kwa mikono iliyotoka kukaza jeraha la Maliki.

Basi, turudi kwenye ngumi.

Philomène hakuanguka. Alinishika kichwa, akanivuta chini, akaning'ata mkono hadi nikahisi meno yaliyobaki yanakutana. Tukabiringika. Jiko la mtu likapinduka, makaa yakanichoma mgongo.

"Mushike nywele, mama Philo!"

"Waachanisheni! Atamuua!"

"Waache kwanza, tuone!"

Risasi ikalia.

Watu waligawanyika kama ndagala wakisikia kasia. Katikati akasimama Ajida Eugène, ajida kwa cheo cha jeshi na mkuu wa wale wenye bunduki waliojipangia kituo kwenye hanga, ghala kuukuu karibu na reli. Nyuma yake vijana wake wawili, macho mekundu.

"Nani anauana hapa bila ruhusa yangu?"

Mume wa Mama Jeannette akacheka. Wallahi, alicheka kwa woga tu, wala si dharau. Kijana mmoja akamgonga kitako cha bunduki kwenye taya, na kicheko kikaishia hapo. Hadi leo anakunywa uji upande mmoja.

"Ugomvi ni wa nini?"

Mama Jeannette, ambaye hata bunduki haimzuii kusimulia, akajibu: "Feni, shefu. Zimefanana."

Ajida akaokota feni mbili zilizolala vumbini. Akazipima mkononi. Akakigeuza kitambaa cha moja, kisha cha nyingine. Akarudi kwenye ile ya kwanza, akakileta karibu na pua.

"Hii ni damu ya nani?"

Nilimtazama Philomène. Philomène alinitazama. Jirani yangu huyu, mjane, mwenye mtoto mmoja tu duniani, Théophile, aliyepanda lori moja na Maliki kwenda vitani. Mwanamke niliyetoka kumvunja mdomo mbele ya watu. Neno moja tu lingetosha.

Akatema mate mekundu karibu na kiatu cha Ajida.

"Shefu, weye uko na macho? Angalia kinywa yangu. Damu ingine unatafuta wapi?"

Ajida akacheka hadi akakohoa. Feni isiyo na damu akamtupia Philomène. Ile ya damu akaiweka kwapani.

"Hii ni ushahidi. Na ushahidi unalala kwangu. Hata mimi nasikia joto."

Akaondoka nayo. Maliki, humo ndani, akabaki bila upepo.

Huku kwetu ugomvi hauishi hivihivi. Anayemwaga damu ya jirani analeta kuku. Kuku anapikwa kwa yule aliyeumia, wagomvi wanakula sahani moja, na shahidi wa nje anaonja wa kwanza ili ajue hakuna sumu wala kinyongo. Mama Jeannette alitamka hukumu hiyo huku bado anatafuta jino kwenye ndagala zake.

Mchana nikamfunga jogoo miguu nikampeleka.

Philomène alikuwa jikoni, mdomo umevimba kama mkate. Feni yake juu ya stuli ilikuwa inampepea. Hakunikaribisha.

"Muweke pale chini."

"Mama Philo, unisamehe. Nilikuwa..."

"Najua ulikuwa nini." Hakugeuka. "Niliificha neno yako mbele ya bunduki. Sasa weye unipatie neno yangu. Maliki ndo iko kwako."

Nikainama nikakaza kamba miguuni mwa jogoo. Kwake hilo lilikuwa jibu.

"Walienda pamoja," akasema. "Lori moja. Nilibakia pale barabarani na mavumbi yao. Wako amerudia. Wangu iko wapi?"

"Sijui. Wallahi sijui."

"Basi umuulize. Mbele ya jua kuzama, Fatouma. Niko mama, siko mutakatifu."

Nikageuka kuondoka. Akaniita tena.

"Na huyu kuku simuchinji. Bislamu hamukulake kuku ya kuchinjwa na mukono yetu, najua. Tafuta mwanaume wa kwenu amuchinje, ndo nipike."

Mwanaume wa kwetu! Wote wamevuka ziwa au wamejificha. Nikasema nitatafuta, nikamwacha jogoo pale, nikaenda.

Chumba cha ndani kilikuwa tanuri. Maliki amejilaza kwenye saruji akitafuta ubaridi, jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Nikampepea na mfuniko wa ndoo.

"Feni iko wapi, dada?"

"Ajida ameichukua. Maliki, nisikilize. Théo yuko wapi?"

Akageukia ukuta.

"Mama yake anajua upo hapa. Anataka jibu kabla ya jua kuzama. Nimwambie nini?"

Alikwaruza ukuta kwa kucha. Bati linapasuka kwa joto juu yetu.

"Boti ilijaa," akasema mwishoni. "Wengine tukashika pembeni, tuko ndani ya maji. Théo alikuwa nyuma yangu. Alinishika mguu."

"Halafu?"

"Mguu wenye risasi, dada. Alinishika mguu wenye risasi."

"Halafu, Maliki?"

"Usiniulize."

Sikumuuliza tena. Hata ningetaka, muda haukuwepo, kwa sababu nilisikia viatu. Wanaume wanapita nyuma ya ukuta, wanaongea, mmoja anapiga bati za watu kwa kitako cha bunduki kwa raha zake tu. Na Maliki, kwa homa, akaanza kuugulia. Sauti ikapanda.

Nikamziba mdomo kwa mkono. Ikapita katikati ya vidole. Nikachukua kitenge changu, kile cha kijani, nikakikunja, nikambandika usoni, nikaegemea kwa uzito wangu wote.

Viatu vilipita. Vilipotelea upande wa reli.

Mimi sikuondoka juu yake.

Sitawadanganya. Nilisikia kabisa kwamba wamekwenda. Visigino vyake vilikuwa vinagonga saruji, na kichwani mwangu kulikuwa na sauti tulivu inasema: akinyamaza sasa hivi, amenyamaza daima, na mlango wako utafunguka tena, na watu watarudi barazani. Nikaendelea kukandamiza. Aliniokoa yeye mwenyewe, kwa kunipiga goti la tumbo.

Nikaanguka pembeni. Alivuta hewa kama mtu anayekwaruza sufuria. Akanitazama.

"Hata weye, dada?"

Nikatoka. Nikaenda barazani, nikakaa kwenye ngazi, nikaweka kichwa katikati ya magoti. Mkono ulioumwa na Philomène ulikuwa umevimba, nikafurahi kwamba unauma.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichosikia ni mtu anaburuta mguu kuja kwangu. Papa Symphorien. Shati lake jeupe la kila siku, ambalo tulikuwa tunamtania kwamba linachajiwa na sola, lilikuwa jekundu hadi mkanda. Mkono wa kulia ameubeba kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayembeba mtoto, na vidole vyake vinaangalia pande ambazo vidole haviangalii.

"Papa Sympho! Nani amekufanya hivi?"

"Mama Fatouma, ukimbie."

"Kaa kwanza..."

"Nimekutaja."

Akaketi kwenye ngazi, mkono uliovunjika mapajani.

"Ajida alileta ile feni nimuchajie. Jana ilikuwa mawingu, mama, jua haikuwepo, haikujaa. Anasema naficha umeme wa watu. Akavunja sola kwa kitako. Anauliza, nani alimaliza hii betri? Mimi na mudomo yangu nikacheka, nikasema: hiyo ni ya Mama Fatouma, kila siku inaletwa imekauka, sijui anamupepea nani usiku na mchana, na bwana iko Kigoma."

"Papa Sympho..."

"Nilisema kwa utani. Ndo wakanilaza, wakavunja kidole cha kwanza. Wanataka niseme tena, bila utani."

Sikungoja kusikia vidole vilivyobaki. Nikakimbia ndani, nimtoe Maliki kwa mlango wa nyuma, nimtupe popote, chooni, kisimani, popote.

Chumba kilikuwa kitupu.

Mkeka. Kitenge changu kilichokunjwa. Damu mbichi, maana alipopigana nami jeraha lilifunguka. Matone yalivuka kizingiti, yakavuka uwanja wa nyuma, yakafika pale ukuta wa matofali ulipobomoka tangu mvua za mwaka jana. Upande wa pili wa ukuta ule ni jiko la Mama Philomène.

Alimkimbia dada yake, akaenda kwa mama wa Théo.

Nilishika kitambaa nifute. Nilifuta tone moja tu. Kiatu kikanikanyaga mkono.

"Usafi mwingi jioni hii," alisema Ajida Eugène.

Akakizungusha kisigino. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Kijana wake akanivuta kwa nywele hadi katikati ya uwanja, mwingine akaingia ndani na nikasikia vyombo vyangu vinakufa kimoja kimoja. Akatoka na mkeka.

"Ajida, kuna muntu alilala huku. Damu ingali na maji."

Ajida akachuchumaa mbele yangu. Ile feni yangu ilikuwa inaning'inia mkononi kwake, kitambaa cha kijani kinacheza.

"Mama Feni. Asubuhi damu ilikuwa ya jino. Sasa hii ni ya jino gani?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku gani?"

"Kuku wa faini. Uliza watu wote. Nilimpiga jirani, natoa kuku. Nimemchinja hapa."

Niliona jibu limeingia. Alitazama damu, akatazama ukuta. Bunduki ya kijana ikashuka kidogo. Nikapumua. Nikajiona mjanja, kama siku ile ya kuchana kitenge.

Kisha Ajida akatabasamu.

"Mama, mimi nilikulia Kasongo. Majirani zangu wote Bislamu. Kule sijaona hata siku moja mama wa Kiislamu anashika kisu cha kuchinja. Hata njaa imuue. Anabeba kuku kwapani, anazunguka avenyu tatu kutafuta mwanaume."

Macho yangu yakakimbilia ukutani, nikayarudisha chini haraka.

"Bwana yako iko Kigoma," akaendelea polepole. "Wanaume wa dini yako hapa wamekimbia. Kama kuku alichinjwa hapa, kulikuwa mwanaume hapa. Mwanaume huyo iko wapi?"

Nimeongea maisha yangu yote. Nimeongea kwenye misiba, kwenye arusi, kwenye foleni. Siku ile nilirudia tu: "Kuku, shefu. Kuku."

Akampa ishara kijana. Mdomo wa bunduki ukagusa sikio langu. Ulikuwa wa moto, nadhani ulikuwa umetoka kufanya kazi mahali pengine.

"Nitahesabu. Sipendi kuhesabu, kwa hiyo nitahesabu upesi."

"Shefu!"

Sauti ilitoka ukutani. Mama Philomène alikuwa amesimama kwenye ule mbomoko, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, mdomo umevimba, kitenge cha kijani kiunoni. Nyuma yake moshi wa jikoni, na harufu ya kuku na vitunguu ikatufikia uwanjani. Kijana mwenye bunduki akameza mate, nilisikia.

"Muache huyo, hajui kusema uongo vizuri," Philomène akasema. "Kuku iko kwangu, na manyoya iko kwangu. Na mwanaume mwenye alichinja, naye iko kwangu."

Ajida akasimama taratibu.

"Kwako wapi?"

"Ndani. Ameketi."

Nilimtafuta machoni. Nilitaka kuona kama ni mama anayeokoa mtoto wa jirani, au mama aliyekwisha kupewa jibu lake kuhusu mguu na maji, na sasa analipiza. Hakunipa macho. Alikuwa anamtazama Ajida, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni wa heshima.

Nyuma yake, mlangoni mwa chumba chake cha kulala, pazia lilikuwa linavimba na kunywea, linavimba na kunywea. Umeme hakuna. Upepo hakuna, hata jani halitikisiki. Nilijua kinachopepea nyuma ya pazia lile, na nilijua kinampepea nani.

Akapangusa mwiko kwenye kitenge chake, akasogea pembeni kuacha njia.

"Faini ya damu inaomba shahidi, shefu, na shahidi anaonja wa kwanza. Bukari inapoa. Ingia, tukule."